Milima na pwani kwenye ukuta mmoja: shajara ya vyungu vya majira ya joto, Hannover

Machi 3

Magimbi yameingia udongoni leo. Nimeyachagua dukani moja moja: madogo, mazito mkononi, yenye jicho la waridi lililo hai kichwani. Yale makubwa yaliyosafishwa vizuri kwa ajili ya sufuria mara nyingi yamekwisha kufa macho. Kila gimbi limepata chungu cha lita 2 chenye mboji nyepesi iliyotiwa mchanga, jicho likichungulia juu, na vyungu vyote vimepangwa kwenye rafu iliyo juu ya kipasha joto cha jikoni. Kipimajoto nilichokichomeka udongoni kinasoma nyuzi 24. Mwanga hauna kazi bado. Gimbi lililolala linataka joto la chini tu, na ukilimwagilia sana kabla halijatoa mizizi, linaoza.

Vipande vya tangawizi na manjano vimelala usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu, kwa sababu vya dukani huenda vimetiwa dawa ya kuvizuia visichipue. Navyo vimepata trei yao pembeni ya magimbi.

Mpangilio wa mwaka huu ni tofauti na wa miaka iliyopita. Uwanja wetu ni mita chache za vigae nyuma ya jengo, na ukuta wa matofali mekundu unaotazama kusini. Hannover iko nyuzi 52 kaskazini mwa ikweta, na bila ukuta huo nisingethubutu hata mgomba mmoja: matofali hunywa jua mchana kutwa na kulirudisha usiku. Nimeugawa ukuta nusu kwa nusu. Kushoto itakaa mimea ya milimani: mgomba mwekundu wa aina ya Ensete, mgogwe (mnyanya wa miti), mpasheni wa matunda ya zambarau. Kulia itakaa mimea ya pwani na nyanda za chini: mpapai, choya (rosela), magimbi, matembele. Vyungu vya aina moja, udongo mmoja, mbolea moja.

Sababu yenyewe ni hii. Watu wa huku wakinunua mmea wa tropiki huuliza kama unatoka nchi ya joto. Mimi nataka kujua mmea umezoea usiku wa namna gani. Tanga mjini na Lushoto ziko mkoa mmoja, lakini Julai mtu wa Tanga analala dirisha wazi na wa Lushoto anatafuta blanketi la pili. Usiku wa Julai wa Hannover huzunguka nyuzi 13. Huo ni usiku wa mlimani. Mimea inayoujua usiku huo nadhani itaipita mbali ile ya pwani, na mwaka huu nataka kuiona ikiwa bega kwa bega.

Machi 22

Mbegu za mnyonyo nimezikwaruza kidogo kwa msasa na kuziloweka usiku mmoja. Wengine huuita mbarika. Ni mmea wetu kabisa, asili yake ni upande wa kaskazini mashariki mwa Afrika, na huku Ulaya hupandwa kwa ajili ya majani yake makubwa yenye vidole, mekundu kama shaba. Katika majira mamoja ya joto unapita kichwa cha mtu mrefu. Lakini mbegu zake zina risini, sumu kali mno, na watoto wa jirani hucheza uwanjani. Nimekwisha kuamua: kila shada la maua litakatwa kabla halijafunga mbegu, na mifuko ya mbegu zilizobaki inakaa kabati la juu lenye kufuli. Anayepanda mnyonyo bila kuwaeleza watu wa nyumba nzima hafanyi haki.

Choya pia imepandwa leo, na pilipili.

Aprili 6

Leo nimekwenda Herrenhausen, kwenye bustani ya mimea ya Berggarten. Mimi huenda huko kila mwaka kabla msimu haujaanza, na kila mara mguu wangu unaishia kwenye dughulushi, ua dogo la chunguni lenye asili ya Usambara.

Kwa mtu wa Muheza kama mimi hili si jambo dogo. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa afisa wa utawala wa Kijerumani upande wa Tanga, aliliona ua hili Usambara na kumtumia baba yake Ujerumani. Baba akampelekea Hermann Wendland, mkuu wa bustani hizi hizi za Herrenhausen, naye mwaka 1893 akalipa jina la kitaalamu, Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Leo liko kwenye madirisha ya dunia nzima. Watu wa Amani na Lushoto waliolijua tangu zamani hawamo kwenye jina hilo, na jambo hilo linanikera kila nikisimama pale.

Ua la pili la kwetu ni Impatiens walleriana, lile la vichaka vya kivulini linalojaa rangi kuanzia Mei mpaka Oktoba. Wajerumani huliita Lieschen mwenye bidii. Huota lenyewe kuanzia Kenya mpaka Msumbiji, kwenye unyevu chini ya miti, na mwaka 1882 Waingereza walilipa jina la Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Karibu kila kibaraza cha mtaani kwetu kinalo, na ni wachache wanaojua wanamwagilia ua la Afrika Mashariki kila asubuhi. Nimenunua miche ya aina zinazostahimili ukungu, maana kuna ukungu unaoshika majani yake kwa chini na kuyapukutisha yote kwa wiki chache. Itakaa kona ya kivuli, upande wa milimani.

Dughulushi yenyewe haitoki nje. Maji baridi yakigusa jani lake yanaacha madoa, na mvua ya huku ni baridi.

Aprili 19

Siku ya makarai. Vyungu vizuri vya ukubwa ninaoutaka ni ghali sana, kwa hiyo ninatumia karai jeusi la plastiki la mafundi ujenzi, lile la kuchanganyia saruji. Maduka ya vifaa vya ujenzi huyauza ya lita 40, 65 na 90. Nimetoboa matundu chini, mapana kama kidole gumba, mengi, na mengine pembeni karibu na sakafu, ili maji yapate njia hata chini kukiziba. Rangi nyeusi ni faida hapa: jua la Mei ni dhaifu, na karai jeusi hupasha udongo haraka kuliko chungu cha udongo mwekundu.

Mchanganyiko: sehemu tatu za udongo wa mifuko, sehemu moja ya mboji ya kwangu iliyochekechwa, sehemu moja ya kokoto za lava kutoka milima ya Eifel. Kokoto ndizo muhimu kuliko vyote. Mmea wa tropiki kwenye nchi ya baridi hufa kwa mizizi kukaa kwenye maji baridi mara nyingi zaidi kuliko kwa hewa baridi.

Karai la lita 90 likijaa udongo uliolowa linaweza kukaribia kilo 100, kwa hiyo linajazwa pale pale litakapokaa, au juu ya ubao wenye magurudumu. Na halikai moja kwa moja kwenye vigae. Chini ya kila karai nimeweka vipande viwili vya mbao, hewa ipite na baridi ya sakafu isipande.

Mei 4

Kuzoesha kumeanza. Kila kilichokulia ndani kinatoka asubuhi, kinakaa kivulini, kinarudi jioni. Kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya ile miale inayounguza, kwa hiyo jani lililokulia nyuma ya kioo halina kinga. Mchana mmoja wa jua kali linageuka jeupe kama karatasi, na halirudi kuwa kijani. Wiki nzima ya kivuli, kisha jua la asubuhi, kisha jua kamili.

Mei 16

Jana ilikuwa Sophie. Wakulima wa Ujerumani wanao Watakatifu wa Barafu, sikukuu zinazofuatana kuanzia Mei 11 mpaka 15, na Sophie ndiye wa mwisho. Kabla yake jalidi inaweza kuanguka usiku wowote. Baada yake watu hutoa kila kitu nje. Jirani wa ghorofa ya pili, mama mtu mzima aliyelima maisha yake yote, alinigongea mlango asubuhi kunikumbusha.

Ninaiheshimu kalenda hiyo, na kwa nyanya na maua inatosha. Lakini leo saa moja asubuhi nimechomeka kipimajoto kwenye makarai, na udongo ulikuwa nyuzi 10 tu, ingawa jana mchana hewa ilifika 21. Mgomba wa milimani utavumilia hapo, utasimama tu. Mpapai utaanza kuoza mizizi. Kwa hiyo leo umetoka upande wa kushoto peke yake: Ensete, mgogwe, mpasheni, na Impatiens kwenye kona yake. Upande wa kulia unangoja mpaka udongo wa alfajiri ufike nyuzi 15.

Mei 29

Udongo umefika 15 kwenye karai lililogusa ukuta, 14 kwenye lililo mbali kidogo. Nimetoa kila kitu. Magimbi yana majani mawili mawili, choya ina urefu wa kiganja, na mpapai, niliouanzisha kwa mbegu mwaka jana na kuupitisha baridi chini ya taa, unafika kiunoni. Matembele nayo yamepandwa kwenye karai lao pana.

Maji ya kumwagilia yanalala ndani ya ndoo usiku mmoja kabla ya kutumika. Ya bombani hutoka baridi mno, na kuyamwaga kwenye udongo uliopashwa na jua kwa shida ni kuirudisha nyuma kazi ya siku nzima.

Juni 11

Imekuja ile baridi ya kondoo. Wajerumani huiita hivyo kwa sababu huja karibu kila Juni, wakati kondoo wamekwisha kunyolewa manyoya. Hewa ya kaskazini magharibi, mvua nyembamba, mchana nyuzi 14, usiku 7.

Hapa ndipo ukuta umeanza kusema. Ensete haukuongeza kitu lakini haukupoteza kitu. Mgogwe umetoa jani jipya katikati ya baridi hiyo hiyo. Mmea wa Andes uliozoea mashamba ya Lushoto hauoni cha ajabu. Impatiens inachanua. Upande wa pili, mpapai umegeuka manjano kuanzia chini, vikonyo vya majani vimelegea, na ukivuta kidogo vinabaki mkononi. Choya imesimama, majani yamejikunja kwa ndani. Matembele yamepata rangi ya zambarau kwenye mishipa, dalili ya mizizi kushindwa kunywa.

Nimefanya mambo mawili tu: nimeacha kabisa kumwagilia upande wa kulia, na nimefunika makarai yake kwa kitambaa cheupe chepesi cha bustani, pindo zikiwa zimebanwa kwa matofali. Kumwagia mbolea mmea uliosimama kwa baridi ni kuuongezea mzigo wa chumvi usioweza kuubeba.

Juni 21

Jua limetoka karibu saa kumi na moja alfajiri na litazama karibu saa nne usiku. Mchana wa karibu saa 17. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tunajua mchana mmoja tu, wa saa 12, mwaka mzima, na mimea yetu vivyo hivyo. Mwanga huu mrefu ni neema kwa jani: ukitoa joto la kutosha, mgomba wa huku hufanya kazi saa tano zaidi kwa siku kuliko wa Muheza. Lakini choya haitachanua. Ni mmea unaongoja usiku mrefu ndipo ufunge maua, na usiku huo hauji hapa mpaka Septemba, wakati baridi nayo inabisha hodi. Kwa hiyo huku choya ni mboga ya majani machachu. Nimeipanda nikijua hivyo.

Julai 13

Joto, hatimaye. Mchana 29, usiku 17, udongo wa alfajiri nyuzi 20.

Nimekaa na kiti mbele ya Ensete jioni yote. Jani jipya hutoka katikati likiwa limejiviringa, gumu, limenyooka kama mkuki, wekundu wake umekolea karibu na weusi. Asubuhi lilikuwa limefunguka upande mmoja tu, na ukipitisha kidole ndani unakuta ubaridi na vumbi jeupe la nta linaloshika ngozi. Jioni limekwisha kulala upande, mshipa wa kati mwekundu kabisa, na jua likiwa nyuma yake unaona damu ya zabibu imepita kwenye jani zima. Kila wiki linatoka moja. Kusini mwa Ethiopia mmea huu, ule wa kijani, ni chakula cha mamilioni ya watu, wanaokula wanga wa shina na kiazi chake, kwa kuwa tunda lake halifai. Wapita njia wanaosimama kwenye uwanja wetu kuutazama huona pambo, nami huwaeleza kwamba wanatazama ghala la chakula.

Siku kama hizi unakunywa ndoo nzima ya lita 10, na magimbi karibu kiasi hicho hicho. Magimbi ndiyo pekee ninayoyaruhusu kusimama kwenye sahani yenye maji, na kwa joto hili yanashukuru. Mbolea ya maji yenye naitrojeni nyingi mara moja kwa wiki, baada ya kumwagilia, kamwe si kwenye udongo mkavu.

Julai 27

Matembele ya kwanza. Nilimpigia shangazi Muheza kabla sijakata.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Yamestawi?"

"Yamejaa karai. Nayakata vipi ili yaendelee?"

"Usichume jani jani kama mtu mwenye mashaka. Kata ncha, na majani yake matatu manne. Ukikata ncha moja inatoa mbili. Ukichuma majani unaacha fimbo."

Nimekata ncha, nimezipika kwa nazi na kitunguu, na pilipili moja ya hapa hapa ukutani. Nikalala vizuri sana.

Agosti 9

Mvua ya mawe jana jioni, dakika chache. Majani ya mgomba yamechanika vipande vipande, ya magimbi yametobolewa. Sijakata chochote. Jani la mgomba lililochanika linaendelea kulisha mmea, na kwao linachanwa na upepo kila siku. Nitakata tu lile ambalo mshipa wake umevunjika.

Koa wamekuja na unyevu, wale wakubwa wa rangi ya machungwa. Wanapanda karai usiku na kula majani machanga ya mnyonyo na Impatiens. Ninatoka na taa saa tano usiku na kuwaokota. Dawa za punje sitaki karibu na mboga. Upande wa ukuta ulio mkavu zaidi, utitiri mwekundu umeshika kana (maua ya Canna) na mgogwe: vitone vidogo vya manjano juu, uzi mwembamba chini. Kuosha majani kwa maji upande wa chini, kila asubuhi, mpaka waishe. Utitiri hupenda ukavu, kwa hiyo maji yenyewe ndiyo dawa.

Agosti 30

Mbolea ya mwisho leo. Ukuaji laini wa Septemba hauna faida tena, unaoza stoo.

Septemba 19

Usiku wa nyuzi 5. Mpapai umeingia ndani jana na nina hakika hautatoka tena. Kimo chake kimepungua kulinganisha na Mei, kwa kuwa kilele kilikufa Juni na tawi la pembeni ndilo lililoendelea. Choya imetoa vichomozo vya kwanza vya maua juma hili, vidogo kama punje ya mtama, sawa na hesabu ya mwanga. Nimeikata yote. Majani yanapikwa na samaki, uchachu wake unafanana na wa ukwaju mchanga.

Kushoto: mgogwe una matunda ya kijani yenye umbo la yai, hayataiva nje lakini mmea ukiingia ndani yatageuka mekundu kufikia Desemba. Mpasheni umefunika kamba zote na una matunda machache. Ensete umefika kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza.

Oktoba 14

Jalidi ya kwanza usiku wa kuamkia jana, nyepesi. Matembele yamekuwa meusi kufikia saa tatu asubuhi. Kana pia, na ndivyo ninavyotaka: majani yakishaungua, kiazi kinajua kazi imekwisha. Nimezikata kiganja kimoja juu ya udongo, nimezing'oa na bonge la udongo wake.

Magimbi yametoa mazao zaidi kuliko nilivyotegemea upande wa kulia: mama mmoja na watoto kadhaa kila karai, madogo lakini ya unga. Mengine tumekula, yenye macho mazuri yamekaushwa kibarazani na kufungwa kwenye gazeti. Mnyonyo umekatwa na kwenda kwenye pipa la taka za bustani. Haukufunga mbegu hata moja.

Ensete ndio kazi ya watu wawili. Tumeuchimba, tumekata majani yote isipokuwa lile lililojiviringa katikati, tumepunguza mizizi na kuugeuza kichwa chini ukutani, ili maji yaliyo kwenye maganda ya shina yatoke. Usipofanya hivyo, maji hayo yanaozesha moyo wa mgomba. Yametiririka kwa muda, kahawia na yenye harufu ya ndizi mbichi.

Novemba 8

Stoo ya chini ya jengo iko nyuzi 9, giza, kavu. Ensete umesimama pembeni bila udongo, umefungwa gunia, na shina likibonyezwa kwa kidole bado ni gumu. Kana zimelazwa kwenye kreti la machujo ya mbao yenye unyevu kidogo. Mchaichai umekatwa mfupi na uko dirishani kwenye ngazi, pamoja na mgogwe, ambako hakuna kipasha joto lakini kuna mwanga. Matunda mawili yameanza kugeuka rangi.

Mwakani ukuta wote unapewa mimea ya milimani, isipokuwa karai la matembele na la magimbi, kwa sababu hayo tunayala. Nafasi ya mpapai itachukuliwa na mgogwe wa pili, na ya choya na Ensete wa kijani, kama nitapata mbegu zake kabla ya Februari. Huchukua miezi kuota na lazima zianze kwenye joto la rafu ya jikoni mapema kuliko magimbi.